Aliyetunga Sitoki

4 Februari

Wifi,

Hujambo wewe, na binti yetu hajambo, na yule mdogo mwenye mashavu? Sisi wazima, isipokuwa goti la Fundi, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Nimekupigia simu mara nne. Kila mara binti anasema, "Shangazi, mama yuko kazini." Hata Jumapili asubuhi uko kazini? Basi nimeamua kuandika. Barua haina mtu wa kuisemea kwamba iko kazini.

Huku ghorofa ya pili mambo ni yale yale. Cherehani za Fundi zinagonga chini, sisi tunagonga juu, kisha jioni anapanda na besi yake na tunagonga sote. Piano ya marehemu kaka anaipiga yule Mkunga niliyekueleza, aliyestaafu wodi ya wazazi. Ana mikono yenye subira. Akikosea husema, "Huyu katanguliza miguu, ngojeni nimgeuze," na anamgeuza kweli. Mwalimu na saksafoni yake hajabadilika: anasahihisha kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Jumba la Muziki limetuita. Ndiyo, lile lile lililotukataa miaka thelathini na moja iliyopita likisema tunaharibu muziki wa tango kwa jazi, wakati watu wa jazi nao wakisema tumeifunga jazi kamba kwa tango. Wanataka tufungue msimu wao wa Julai, kwa heshima ya kaka. Watabandika kibao ukutani: jina lake, na chini yake "Mtunzi wa Sitoki". Mkurugenzi wa sasa bado kijana, suruali inamkaba, maneno laini kama sabuni. Anataka vitu viwili. Kwanza, tupige Sitoki bila ile sehemu ya katikati ambapo kila mmoja anabuni lake papo hapo. Anasema tango ya Argentina ina adabu zake. Nikamwambia, "Mwanangu, adabu zake tulizikuta, tukazisalimia, tukapita." Hilo nitapambana nalo mwenyewe. Pili, anataka karatasi ya kwanza kabisa ya wimbo huo, ile ya mkono wa kaka, aiweke ndani ya kioo watu waitazame.

Kwenye sanduku la kaka hapa sijaiona. Bila shaka uliondoka nayo ulipohamia kwa binti. Nitumie, wifi. Itarudi salama.

Wifi yako

*

2 Machi

Wifi,

Salamu zimefika, na mimi nazirudisha zikiwa zimepigwa pasi, maana ndiyo kazi yangu siku hizi. Duka la dobi limenipa meza karibu na dirisha. Nashona vifungo, nabadili zipu, natoa madoa ya wino kwenye mifuko ya mashati. Mjukuu ametoa meno mawili na ameshamng'ata baba yake. Binti anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Ana wanaume kumi na wanne chini yake na wote wanamwogopa. Karithi kwa nani, sijui.

Kuhusu karatasi: sina. Kuhama ni kuhama, vitu vingi hupotea.

Nafurahi Mkunga ana mikono ya subira. Piano ile inaihitaji. Kuna kitufe kimoja cha juu, cha tatu kutoka mwisho, hunasa wakati hewa ina unyevu. Mwambie akipige kwa ubavu wa kidole.

Usimruhusu huyo Mkurugenzi akate katikati. Katikati ndipo wimbo ulipo. Mwanzo ni mlango wa kuingilia na mwisho ni wa kutokea, basi.

Wifi yako

*

14 Machi

Wifi,

Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nyuma nikidhani umeendelea upande wa pili. Hakuna kitu. Hongera kwa meno ya mjukuu. Mwambie bibi yake wa huku anasema aendelee kung'ata. Mkunga amekijaribu kile kitufe kwa ubavu wa kidole, kikaitika. Akasema, "Huyo wifi yako ni daktari."

Mkurugenzi alikuja mazoezini wiki iliyopita. Akapanda ngazi zetu, akakaa kwenye kiti cha plastiki na saa mkononi. Tulipofika katikati ya Sitoki, Fundi akaondoka zake na besi, Mkunga akamfuata nyuma, mimi nikakataa kwenda, nikakikunja taratibu kinanda changu cha mvukuto, bandoneoni ile ile, Mwalimu akawa anatuita wote turudi. Unajua inavyokuwa. Mkurugenzi akainua mkono. "Hapa ndipo mnapopotea," akasema.

Fundi akamjibu bila kuacha kupiga: "Hatupotei, bwana. Tunatembea."

Amesema "tutaona". Nikamwambia, "Utaona."

Sasa ile karatasi. Nimelifungua tena sanduku la kaka, safari hii nikamwaga kila kitu sakafuni. Madaftari yake yote yapo, nyimbo arobaini na tatu. Kila alichokitunga kipo, hata vibovu. Kaka alikuwa hatupi kitu. Hata tiketi za treni za fungate yenu zipo. Sitoki tu ndio haumo. Kuna ile nakala iliyoandikwa na karani wa redio, yenye mhuri, basi.

Nimekaa pale sakafuni muda mrefu kuliko magoti yangu yanavyoruhusu.

Mkurugenzi anasema kama karatasi haipo, mjane asaini fomu kuthibitisha kwamba marehemu ndiye mtunzi. Naiambatisha. Ni ukurasa mmoja. Kuna mstari wa nukta, unasaini juu yake.

Wifi yako

*

27 Aprili

Wifi,

Hatujambo. Mjukuu anasimama akishika kiti. Leo nimeshona zipu tisa.

Fomu nairudisha kama ilivyokuja. Nukta zake zote zipo, hesabu.

Wifi yako

*

6 Mei

Wifi,

Habari za nyumbani ni njema, na sitaziandika, kwa sababu nikianza na goti la Fundi nitamaliza na goti la Fundi, na barua itajaa sijasema kitu.

Nukta nimezihesabu. Ishirini na nane. Nilijua hutasaini. Nilijua tangu Februari, nilipokuomba karatasi ya mkono wa kaka, kwamba naomba kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Nilikuwa nakupima, wifi. Nilitaka na wewe udanganye, ili nisiwe peke yangu.

Siku ile ya redio nilikuwa chumba cha kurekodia na kaka. Wewe ulikuwa nje ya kioo unakaza nyuzi za fidla yako. Tulikuwa tumekwisha kurekodi nyimbo tatu. Mtangazaji, yule mnene mwenye shati la mistari, akachukua kalamu na kuuliza, "Huu wa mwisho, Sitoki, kautunga nani?"

Kaka akanyamaza kidogo. Si sana. Kiasi cha pumzi moja ya kinanda changu. Halafu akasema, "Mimi."

"Jina kamili?"

Akataja lake, na la baba yetu.

Mtu akisikia hadithi hii atadhani nilinyamaza kwa woga. Au kwa kuwa kaka ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na mkono unaokulisha huukati. Sababu hizo ninazo, nimezing'arisha miaka ishirini na saba, zimekuwa nzuri kabisa za kumwonyesha mgeni. Ukweli ni mwingine. Niliposikia jina la baba likiandikwa pale, nilifurahi. Mshona viatu aliyekufa bila hata picha moja, leo anatajwa redioni! Nikasema moyoni, acha liwe, tutarekebisha baadaye. Baadaye ukawa na mimba ya binti. Baadaye ukasema vidole vinakuuma, ukaiweka fidla juu ya kabati, na Mwalimu akaanza kuipiga sehemu yako kwa saksafoni. Baadaye hiyo ndiyo imezeeka ikawa leo.

Naomba radhi. Sijui kuiomba vizuri, sijawahi kufanya mazoezi.

Sema unalotaka nifanye, nitalifanya.

Wifi yako

*

3 Juni

Wifi,

Mjukuu anatembea. Hatua nne, kisha anakaa kitako na kuitazama sakafu kama imemkosea. Mazuri ni hayo. Sasa sikiliza.

Vidole vyangu havijawahi kuuma. Hata siku moja.

Sitoki niliutunga ile siku mwenye nyumba alipobadili kufuli la ghorofa ya pili, akatuambia wapiga kelele watafute kwingine. Ninyi mlishuka kubishana naye barabarani. Nilibaki kwenye ngazi na fidla, na kipande cha karatasi ya kukatia nguo nilichokiokota kwa Fundi. Nikaandika kwa ile chaki ya penseli ya kuchorea vitambaa, ya bluu. Nilipofika katikati nikaacha nafasi tupu kwa makusudi, nikaandika: "Hapa kila mtu aseme kwa nini hatoki." Karatasi ninayo. Imo kwenye boksi la fidla. Mwezi Machi nilikudanganya, na sijutii. Na wewe ulikuwa unanidanganya.

Unasema nilikuwa nje ya kioo. Kweli, lakini spika ya nje ilikuwa imewashwa. Swali nililisikia, jibu nililisikia. Nikakutazama wewe, si yeye. Yeye nilikuwa namjua. Ukanitazama, kisha ukainamisha kichwa, ukaanza kuhesabu vitufe vya bandoneoni kana kwamba umeinunua siku ile.

Nyumbani nilimuuliza. Alikuwa anavua viatu. Akasema, "Mke na mume ni kitu kimoja. Jina lipi liandikwe, kuna tofauti gani?"

Nikamwambia, "Basi hicho kitu kimoja kikapige fidla chenyewe."

Nikaipandisha juu ya kabati. Alidhani ni hasira ya wiki moja. Wiki hiyo ikaenda miaka ishirini na moja, mpaka nikamzika. Watu wanasimama ukumbini wanapiga makofi kwa wimbo unaosema sitoki, na aliyeutunga ndiye aliyetoka.

Usidhani nilimchukia. Nilimpikia, nilimwuguza, nilimlilia. Alikuwa mume mwema katika mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililokuwa langu. Mwaka wa mwisho, akiwa kitandani, alianza, "Mke wangu, ile habari ya redio..." Nikamwambia, "Lala." Sikutaka anirudishie kwa sababu anakufa. Kitu changu sipewi kama sadaka.

Yeye nimekwisha kumsamehe, au nimekwisha kumzoea, sijui tofauti. Wewe bado. Miaka yote hukuomba, na sasa umeomba kwa posta.

Unauliza ufanye nini. Saini ya uongo sitoi. Lakini binti anampenda baba yake. Kila jioni anamsimulia mtoto habari za babu. Sitaki ayajue haya kwenye gazeti. Kwa hiyo ukinyamaza nitakudharau, na ukisema utamuumiza mwanangu. Haya. Umesema utafanya nitakalo, nami nitakalo silijui. Pambana.

Wifi yako

*

16 Juni

Wifi,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, kaunta ya posta, maana nikifika nyumbani nitaanza kupunguza maneno. Shikamoo yangu ni fupi leo: u mzima? Mimi mzima, na nimechafua hali ya hewa mahali.

Jumatatu niliwakalisha chini Fundi, Mwalimu na Mkunga, nikawaeleza yote. Fundi akasema, "Ile karatasi niliitafuta wiki nzima. Nilikuwa nimechora koti la mteja upande wa pili." Kumbe koti la watu lilikwenda kuwa wimbo. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Miaka ishirini na saba nimekuwa nasahihisha watu huku nimekalia kosa." Mkunga hakujui kwa sura, kwa hiyo alikuwa na swali moja tu: "Si yule daktari wa kitufe, na yuko hai? Basi mnangoja nini?"

Jana nikaenda kwa Mkurugenzi. Meza yake ya kioo, mabango yameshachapwa, sura ya kaka imeenea toka dari hadi sakafu. Nikamwambia mtunzi si huyo, ni mke wake, na karatasi ipo.

Akatabasamu. "Mama, familia zina mambo mengi. Watu wanataka hadithi moja nyepesi: mtu, wimbo, kibao. Hayo mengine mtayamaliza nyumbani."

"Nyumbani ndiko yalikoozea," nikasema.

"Kibao kimeshachongwa."

"Kichongwe upya."

"Na kama haiwezekani?"

"Basi tafuta wengine wa kukufungulia msimu wako. Bendi ya Ghorofa ya Pili haipigi chini ya kibao hicho. Na katikati pia hatukati."

Akaniuliza kama ninajua bendi ngapi zinaililia nafasi hiyo. Nikamwambia ninajua, sisi tumeililia miaka thelathini na moja, na macho yamekauka. Nikainuka. Mlango wake ni wa kioo pia, nikausukuma badala ya kuuvuta, nikagonga paji la uso. Utoke kwa heshima namna gani na nundu? Lakini nilitoka.

Jumamosi ile ile ya ufunguzi wao, saa kumi alasiri, tutapiga kwenye karakana ya Fundi, mlango wazi. Sitoki tutaupiga. Jina nitalitaja au sitalitaja, hilo ni lako. Sitasema neno mbele ya watu kabla hujazungumza na binti. Safari hii sitaamua kwa niaba yako, wala kwa kusema wala kwa kunyamaza.

Ukija, nitafurahi. Usipokuja, nitaelewa. Usiponijibu, nitakuja mwenyewe nikae dukani kwa dobi mpaka unishone mdomo.

Wifi yako

*

8 Julai

Wifi,

Nundu imepoa? Weka kitambaa cha maji baridi. Hapa mjukuu anakimbia, na hakuna tena kitu cha usalama chini ya kimo cha kiuno.

Sikuhitaji kutafuta maneno ya kumwambia binti. Barua yako ya Juni ilifika nikiwa kazini, akaifungua akidhani ni ya umeme. Niliporudi nilimkuta jikoni ameketi na sare ya kazini, hajavua hata buti.

"Mama, hii ni nini?"

Nikamweleza. Nilieleza nikiwa nimesimama, na mkoba begani, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba wa jirani. Hakunikatiza. Siku mbili hakusema na mimi ila "pisha" na "mtoto kala?" Siku ya tatu akaja dukani kwa dobi saa ya chakula, mbele ya wateja, akasema, "Baba alinichapa nikiwa na miaka saba kwa kusema daftari la mwenzangu ni langu. Nakumbuka mpaka leo. Kumbe alikuwa anajichapa na yeye mwenyewe."

Akalia. Na mimi nikalia, na shati la mtu likalowa ikabidi lipigwe pasi upya.

Halafu akaniuliza, "Mama, unajua kupiga fidla?" Wifi, mwanangu ana miaka ishirini na sita. Hajawahi kunisikia.

Nilifungua boksi. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Mjukuu aliziba masikio, na alikuwa na haki. Sasa najifunza kila jioni nikitoka kazini, robo saa, nusu saa. Na sasa vidole vinauma kweli kweli. Mungu ana mzaha wake.

Kuja Julai sitakuja. Sitasimama mbele ya watu na vidole vya mtoto mchanga ili mnionee huruma. Lakini jina litaje. Lote, na la baba yangu pia. Na usiliseme kwa sauti ya kuomba radhi. Liseme kama unavyoita mtu aliyechelewa kuja mezani.

Wifi yako

*

24 Julai

Wifi,

Binti hajambo? Mpe mkono wangu, mwambie shangazi yake anamheshimu. Tumepiga. Nakueleza yote, kaa chini.

Fundi alisukuma cherehani zote ukutani. Watu walijaa karakana, wengine wakasimama barabarani. Jumba la Muziki walikuwa na bendi nyingine ya kufungua msimu wao, lakini saa hiyo bado. Mkurugenzi wao nilimwona akipita upande wa pili wa barabara, akasimama kama mtu anayesoma kibao cha duka. Duka lilikuwa limefungwa.

Tulipiga nyimbo nne. Kabla ya wa tano nikasimama. Nikakumbatia kinanda. Nikasema: "Wimbo huu tumeupiga miaka ishirini na saba kwa jina la kaka yangu. Si wake. Mtunzi ni mke wake." Nikakutaja, na baba yako, kwa sauti ya kuita mtu mezani. "Kaka alipoulizwa alisema ni yeye. Nilikuwepo. Nikanyamaza. Leo nimeacha."

Mzee mmoja, alikuwa rafiki wa kaka, unamkumbuka, yule mpiga chapa, akasimama akanyoosha fimbo. "Unamvua nguo marehemu! Ndugu yako wa damu!"

Nikamwambia, "Nguo ni ya kwetu, baba. Naifua mwenyewe."

Akatoka. Wakamfuata watu kama ishirini, na kati yao binamu zetu wote watatu. Tangu siku ile hawanisalimii. Wasinisalimie. Waliobaki wakasogea mbele kujaza nafasi.

Tukaanza. Mwanzo ulikwenda kama kawaida. Ilipofika sehemu yako, pale fidla inapoingia, Mwalimu akaivua saksafoni shingoni, akaiweka kitini, akafunga mikono. Hatukuwa tumepatana hivyo! Nilimkodolea macho, akatikisa kichwa, hapana. Basi tukapiga kulizunguka tundu hilo. Fundi upande huu, Mkunga upande ule, mimi chini, na pale juu hapana kitu. Wifi, watu walilisikia. Mama mmoja mbele alikuwa anatazama nafasi tupu kati yangu na piano, hatazami mtu. Halafu katikati tukabuni, dakika kumi na tisa. Fundi alipiga mpaka goti likamkatalia, akakaa juu ya cherehani, akaendelea. Hakuna aliyetuambia tunapotea.

Mwandishi wa gazeti alikuja baadaye kuniuliza kama sioni aibu. Nikamwambia naiona, mbona iko hapa hapa, ina kiti chake. Ameandika hivyo hivyo. Nakutumia kipande.

Jumba la Muziki wamebandika kibao chao. Wamekibandika kwenye ukumbi ambao hatupigi na hatutapiga mpaka kitolewe. Mwalimu, Fundi na Mkunga wamesaini barua ya kusema hivyo, na mimi wa nne. Nafasi ya tano ya saini tumeiacha wazi.

Wifi yako

*

19 Agosti

Wifi,

Mjukuu amejifunza neno "hapana" na analitumia vizuri kuliko sisi tulivyolitumia. Binti anakusalimu. Kipande cha gazeti amekibandika ghalani, ndani ya mashine yake, karibu na usukani. Wale wanaume kumi na wanne wamekisoma wote, wapende wasipende. Picha ya baba yake bado iko sebuleni. Nilimuuliza kama anataka kuitoa. Akasema, "Abaki. Atusikilize."

Redio nimewaandikia mwenyewe, nimewatumia nakala ya ile karatasi, na koti la mteja wa Fundi likiwa nyuma yake. Wamejibu kwamba suala langu linashughulikiwa. Nimewajibu kwamba na mimi nashughulika nalo, na kwamba nitaandika kila Jumatatu. Hadi sasa wana barua tatu. Katika ya tatu nimewauliza hali za watoto wao, nimeona tutakaa pamoja muda mrefu.

Fomu ya Mkurugenzi binti alitaka niichane. Nikakumbuka nilikwisha kukurudishia. Ichane wewe kwa niaba yetu.

Nakuja. Tarehe kumi na nne Septemba, treni ya asubuhi, na binti ananisindikiza kwa sababu anataka kuwa chumbani nitakapopiga. Mtoto atabaki na baba yake, wang'atane. Sikilizeni masharti. Siji kuwa mgeni wa heshima. Mtu akininunulia maua nitampa ayashike mwenyewe mpaka mwisho. Mwalimu atafute sehemu yake mwenyewe. Yangu ameitunza miaka hii yote, na namshukuru, lakini ahame. Na hatuanzi na Sitoki. Kwenye zile karatasi nyembamba tunazofungia mashati nimeandika wimbo mwingine, dukani, kati ya zipu na zipu. Hauna jina bado. Una ukurasa mmoja na nusu, na hiyo nusu ni yenu.

Vidole vimekuwa vigumu kidogo. Si vile vya zamani, wala sivitaki vile, vilikuwa vya mtu mwingine.

Kuhusu ulichoniomba Mei: bado. Sikufichi. Nimejaribu kuamka asubuhi nikikute kimetokea chenyewe, sijakikuta. Huenda kitakuja, na kikija utakijua bila kuandikiwa. Lakini nimekaa na wapiga muziki miaka ya kutosha kujua kwamba watu hawangoji kusameheana ndipo wapige. Wanatazamana, wanavuta pumzi, wanaanza pamoja.

Nitakupa ishara kwa kichwa, wifi. Ukiiona, kunjua kinanda. Mbele ya hapo sijaandika kitu.

Sindano, kama mlivyokuwa mkiniita kwenye bendi nikiwa na fidla